Kabla hujachomwa sindano ya mgongo: cha kuuliza, cha kutaja na cha kuangalia

Mgongo ukishakusumbua muda mrefu na maumivu yakawa yanashuka mpaka mguuni, ipo siku daktari atakwambia tujaribu sindano. Hapo watu wanagawanyika, kuna wanaokubali palepale bila hata kuuliza sindano ya nini maana wamechoka kukosa usingizi, na kuna wanaokimbia kabisa kwa sababu walishasikia kuna mtu alichomwa mgongo akapooza. Wote wana sababu zao. Ila ukweli ni kwamba usalama wa hizi sindano unatofautiana sana, sindano mbili zinaitwa jina moja na moja ina hatari mara nyingi kuliko nyenzake, na tofauti inatokana na vitu ambavyo mgonjwa unaweza kuviuliza mwenyewe kabla hujalala kifudifudi: inaingizwa wapi, ina dawa gani ndani, anayechoma anaona anapochoma au anakisia, na mwili wako una jambo gani linaloweza kugombana na hiyo dawa. Afu kuna na ya baadae, ukifika nyumbani unajua dalili gani ni za kawaida na zipi ni za kukimbilia hospitali usiku huohuo. Haya maelezo hayachukui nafasi ya daktari wako, yanakusaidia uende kwake ukiwa na maswali ya maana.

Kwanza, unachomwa ipi?

"Sindano ya mgongo" ni jina la mjumuiko tu. Inayotolewa sana kwa maumivu yanayoshuka mguuni ni epidurali, yaani dawa inawekwa kwenye nafasi iliyo nje ya utando unaofunika uti wa mgongo na maji yake. Hiyo nafasi inafikiwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kupita katikati kwa nyuma, kati ya pingili na pingili. Ya pili ni kupitia chini kabisa kwenye mkia, pale juu ya makalio. Ya tatu ni kupita pembeni kwenye katundu ambako neva inatokea, hii ndo madaktari wanaiita transforamina, inapeleka dawa karibu kabisa na neva inayouma na ndo maana wengi wanaipenda, lakini hapohapo kwenye hako katundu ndo inapita mishipa midogo ya damu inayolisha uti wa mgongo, kwa hiyo ajali mbaya zaidi zilizowahi kuripotiwa nyingi zimetokea kwa njia hii. Shingoni ndo hatari zaidi kuliko kiunoni, maana huko mishipa ya damu inaenda mpaka kwenye ubongo.

Nje ya epidurali kuna sindano za vile viungo vidogo vya nyuma ya pingili, kuna za kiungo kinachounganisha mgongo na nyonga, na kuna za kutia ganzi vineva vinavyotoka kwenye hivyo viungo ili baadae vichomwe kwa joto la mawimbi ya redio. Hizi zinakaa mbali kidogo na uti wa mgongo na hatari zake kubwa ni chache, ila maambukizi yanaweza kuingia popote sindano inapoingia.

Sasa swali lako la kwanza kwa daktari liwe rahisi tu: "Unachoma wapi, upande gani, na kwa njia ipi?" Akikujibu "mgongoni tu, usiwe na wasiwasi", mi naona hapo ndo pa kuanza kuwa na wasiwasi.

Inasaidia kweli? Hili nalo ni suala la usalama

Watu wanaona swali la faida na swali la hatari ni vitu viwili tofauti. Hatari ndogo sana inakubalika kama unapata kitu cha maana, lakini kama hupati kitu basi hata hatari ndogo ni hasara tupu. Kwa hiyo nisikufiche.

Steroidi iliyomo kwenye sindano inatuliza uvimbe kuzunguka neva. Hairudishi diski, yaani kile kitako laini kilicho kati ya pingili na pingili, mahali pake, haipanui njia iliyobana, haitibu mfupa. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 25 kuhusu epidurali kwa maumivu ya mguu yanayotoka mgongoni yalikuta inapunguza maumivu ya mguu kwa muda mfupi, lakini kwa wastani tofauti na sindano ya uongo, ile isiyo na steroidi, haikufika hata pointi 5 kwenye kipimo cha 0 mpaka 100. Ni wastani huo, kuna wanaopata nafuu kubwa na kuna wasiopata kitu. Kwa wazee waliobanwa njia ya uti wa mgongo kuna jaribio kubwa la mwaka 2014 lililohusisha watu 400, nusu wakapewa steroidi na ganzi na nusu ganzi peke yake, na baada ya wiki 6 tofauti ilikuwa ndogo sana au hamna kabisa.

Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, uliotoka 2016 unasema maumivu ya mgongo peke yake yasichomwe sindano, ila mtu mwenye sayatika kali ya karibuni, yaani maumivu ya neva yanayoshuka mguuni, anaweza kufikiriwa epidurali. Wanasema pia isitumike kwa yule ambaye miguu inamuuma na kumlegea akitembea kwa sababu ya njia ya katikati kubana. Na 2025 jarida la tiba la BMJ likachapisha mwongozo mkali zaidi unaopinga karibu sindano zote hizi kwa maumivu sugu ya mgongo yasiyotokana na saratani, na vyama vya madaktari wa maumivu vikaja juu kupinga kwamba umechanganya watu wa aina tofauti kapu moja. Kwa hiyo hata wenyewe hawajakubaliana.

Msimamo wangu mimi ni huu, kama maumivu yako ni ya mgongo tu na hayashuki, uliza mara mbili na mara tatu kwa nini sindano. Kama mguu unawaka kuliko mgongo, imeanza miezi ya karibuni, na picha ya MRI inaonyesha diski imegusa neva ileile inayolingana na sehemu inayokuuma, hapo sindano ina hoja, angalau ikupe nafasi ya kulala na kufanya mazoezi wakati mwili unajirekebisha, maana sayatika nyingi za diski hupungua zenyewe ndani ya wiki na miezi kadhaa. Na kama una ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, mkojo umegoma au unatoka bila habari, au mguu unazidi kukosa nguvu, wewe hutakiwi kusubiri sindano, unatakiwa dharura leo hii. Sindano haitibu hilo, inakuchelewesha tu.

Dawa iliyomo kwenye bomba

Hapa ndo panahitaji umakini kuliko kote na ndo ambapo wagonjwa hawaulizi kabisa. Steroidi za sindano ziko makundi mawili. Kundi moja ni zenye chembechembe, haziyeyuki vizuri, ukiangalia kichupa kikitulia utaona kama maziwa au unga umekaa chini: methilprednisoloni, triamsinoloni, na betamethasoni ya aina ya kuchelewa. Kundi la pili ni zinazoyeyuka kabisa, ziko wazi kama maji, na inayotumika zaidi hapo ni deksamethasoni.

Kwa nini inakuhusu? Kwa sababu ncha ya sindano ikiingia kwenye mshipa wa damu kwa bahati mbaya, zile chembe zinasafiri na damu mpaka kwenye vimishipa vyembamba na kuviziba. Kwenye sehemu ya chini ya kifua na juu ya kiuno kuna mshipa mmoja mkubwa unaolisha sehemu ya chini ya uti wa mgongo, unaitwa mshipa wa Adamkiewicz, kwa watu wengi uko kushoto, na hautokei kwenye pingili ileile kwa kila mtu. Ukizibwa huo mtu anaweza kushuka kitandani miguu haina kazi. Shingoni ikitokea hivyo ni kiharusi cha ubongo. Tarehe 23 Aprili 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba steroidi kwenye epidurali zinaweza, kwa nadra, kusababisha kupoteza kuona, kiharusi, kupooza na kifo, na ikasema wazi kwamba haijawahi kuziidhinisha hizo dawa kwa matumizi hayo. Yaani zinatumika kwa uamuzi wa daktari, jambo ambalo ni halali na la kawaida kwenye tiba, ila ni vizuri ujue. Karatasi ya maelezo ya Kenalog, ambayo ni triamsinoloni, imeandikwa kabisa isiingizwe kwenye epidurali.

Baada ya hapo kundi la wataalamu wa Marekani lilikaa likatoa mapendekezo mwaka 2015, na mawili ni ya kubeba kichwani: shingoni kwa njia ya pembeni usitumie dawa yenye chembe kabisa, na kiunoni kwa njia ya pembeni anza na deksamethasoni. Kuna madaktari wanaosema zenye chembe zinakaa muda mrefu kwa hiyo zinasaidia zaidi, ila majaribio yaliyolinganisha kiunoni hayajaonyesha tofauti ya kuhalalisha hatari yenyewe. Kwa njia ya katikati au ya mkiani hatari ya mshipa ni ndogo zaidi, huko zenye chembe bado zinatumika sana.

Swali la kuuliza: "Steroidi gani, ina chembe au haina, na ina kihifadhi?" Vihifadhi ni kemikali zinazotiwa dawa isiharibike, na kama bahati mbaya utando ukatobolewa dawa ikaingia kwenye maji ya uti wa mgongo, hizo kemikali ndo zinashukiwa kuunguza neva na kuleta makovu ya ndani. Ambayo haina kihifadhi ni bora.

Na kuna suala la dawa inatoka wapi. Mwaka 2012 Marekani watu walichomwa methilprednisoloni iliyotengenezwa na famasi moja ya kuchanganya dawa huko Massachusetts, New England Compounding Center, na dawa ilikuwa na fangasi. Watu 753 waliugua kwenye majimbo 20, wengi homa ya uti wa mgongo ya fangasi, na 64 wakafa. Hao madaktari waliochoma hawakukosea kuchoma, tatizo lilikuwa ndani ya kichupa. Kwa hiyo omba dawa itoke kwenye kichupa cha kiwandani chenye lebo na tarehe, kinachofunguliwa kwa ajili yako peke yako. Kichupa kimoja kugawanywa kwa wagonjwa watano ili kubana matumizi ni njia ya kugawana maambukizi, sitaki kusikia utetezi wake.

Anaona au anakisia?

Njia ya zamani ni daktari kupapasa mifupa, kusukuma sindano taratibu na kusikilizia mkono ukipoteza ukinzani, hapo anajua ameingia. Wamama wanaojifungua wanatiwa ganzi hivyo kila siku na inafanya kazi. Lakini kwa tiba ya maumivu unahitaji dawa ifike kwenye neva fulani, na mgongo wenye maumivu ya miaka mara nyingi una mifupa iliyoota na nafasi zilizobana, hata mkono wenye uzoefu unakosea bila picha. Kwa hiyo kawaida inayotakiwa sasa ni eksirei ya kuendelea, fluoroskopi, au CT, na kabla ya dawa inatangulia kontrasti, yaani rangi inayoonekana kwenye picha. Rangi ikisambaa vizuri kuzunguka neva, sawa. Rangi ikipotea haraka kama imevutwa, sindano iko kwenye mshipa na daktari anatakiwa kuitoa. Uzuri wa kuangalia rangi ikiwa inaingia moja kwa moja, sio picha moja baada ya tukio, ni huo. Kuvuta bomba nyuma kuona kama damu inakuja hakutoshi, damu inaweza isije na bado uko ndani ya mshipa.

Ultrasound haina mionzi na inafaa kwa baadhi, mfano njia ya mkiani au kile kiungo kinachounganisha mgongo na nyonga, ila haioni vizuri nyuma ya mfupa. Kwa ile ya pembeni ya katundu usikubali kuchomwa bila picha, na hapa silegezi msimamo.

Kontrasti ya kawaida ni ya ayodini. Ukiwa umewahi kuvimba au kubanwa kifua baada ya kontrasti sema mapema. Hii habari kwamba mwenye aleji ya kamba, kaa na wenzao hawezi kupewa kontrasti imezoeleka tu, aleji ya hao inatokana na protini zao na sio ayodini, ila we taja aleji zako zote daktari achuje mwenyewe. Akisema atatumia ya gadoliniamu badala yake uliza kwa nini, kwa sababu ikiingia kwenye maji ya uti wa mgongo kwa bahati mbaya inaweza kuleta degedege na madhara makubwa ya ubongo.

Kuna na usingizi. Wengi wanaomba walazwe kabisa wasisikie kitu. Naelewa hofu, ila kwenye hii shughuli wewe ndo kengele ya daktari, sindano ikigusa neva utasikia shoti inakimbia mguuni na utapiga kelele na yeye atasimama. Ukiwa umelala fofofo hakuna wa kupiga kelele. Ganzi ya ngozi inatosha kwa wengi, na ukiwa na hofu sana basi dawa kidogo ya kutuliza, bado uwe unaongea.

Vya kutaja kuhusu mwili wako, hata usipoulizwa

Dawa za kuzuia damu kuganda ndo za kwanza. Warfarini, rivaroksabani, apiksabani, klopidogreli, heparini. Ukichomwa zikiwa kazini damu inaweza kuvuja ndani ya nafasi ya epidurali, ikajikusanya na kukandamiza neva, na hiyo ni njia nyingine ya kupooza. Lakini sikiliza vizuri, usijiachishe mwenyewe. Kuna watu wana vyuma kwenye moyo, wengine wamewekewa valvu, wakiacha dawa kiholela wanapata kiharusi kabla hata hawajafika kwenye sindano. Aliyekuandikia na atakayekuchoma waongee, wapange siku ya kuacha na siku ya kurudia, na kila dawa ina hesabu yake, klopidogreli kwa kawaida inahitaji kama siku 7, hizi mpya siku chache zaidi, na warfarini inapimwa damu kwanza. Taja na aspirini, na vidonge vya asili kama ginkgo na vya kitunguu saumu, mana watu hawavihesabu kama dawa.

Wenye kisukari: steroidi itapandisha sukari, mara nyingi siku kadhaa na kwa wengine inafika wiki. Sukari yako ikiwa juu sana tayari bora usubiri ishuke kwanza, na ukishachomwa pima mara nyingi kuliko kawaida na uwe umeshaambiwa cha kufanya na dozi ya insulini ikipanda.

Hili lifuatalo halisemwi vya kutosha. Kama unatumia dawa za VVU zenye ritonaviri au kobisistati, sema, na kama unaona aibu omba uongee na daktari pembeni peke yenu. Hizo dawa zinazuia ini kuvunja steroidi, hasa triamsinoloni, kwa hiyo sindano moja tu inaweza kukaa mwilini muda mrefu mpaka mtu anavimba uso, sukari inapanda, presha inapanda, na tezi za juu ya figo zinalala. Sio kwamba hutibiwi, ila chaguo la dawa linabadilika na ratiba ya kufuatiliwa inabadilika.

Kingine ni homa au maambukizi yoyote, jino bovu lenye usaha, mkojo unaounguza, kidonda kwenye ngozi ya mgongo, hapo ahirisha. Mimba au mashaka ya mimba, kwa sababu ya mionzi. Mifupa iliyopungua nguvu, presha ya macho, vidonda vya tumbo. Na kama umepangiwa operesheni ya mgongo karibuni muulize daktari wa upasuaji kwanza, kwa sababu sindano ya steroidi ndani ya mwezi mmoja kabla ya upasuaji inahusishwa na kidonda kupata maambukizi zaidi.

Siku yenyewe

Nenda na mtu, usiendeshe gari kurudi, miguu inaweza kufa ganzi masaa kadhaa ukaanguka ngazini. Kabla hawajaanza wakuulize jina lako na upande unaouma, wasipouliza we sema tu kwa sauti "ni kulia". Angalia anayekuchoma kavaa barakoa na glavu safi, ngozi imesafishwa na dawa kama klorheksidini na imeachwa ikauke, sehemu imefunikwa vitambaa safi. Kama mgongo wako una picha ya MRI ihakikishwe imeangaliwa kabla, sio iko kwenye bahasha mkononi kwako.

Ukiwa kifudifudi usishtuke wala kujinyoosha. Ukisikia kusukumwa au kujaa ni kawaida. Ukisikia shoti kali kwenye mguu, au mdomo kufa ganzi, au masikio kulia, au kizunguzungu, sema hapohapo, mana ganzi ikiingia kwenye damu inaanza hivyo. Baada ya hapo wakukalishe angalau nusu saa wakuangalie, wapime presha, wakuone unasimama.

Ukifika nyumbani

Kawaida ni hizi: pale pa sindano panauma siku mbili tatu, uso unakuwa mwekundu na moto, usingizi unapotea, kwikwi kwa wengine, hasira za ghafla, hedhi kuvurugika. Maumivu yanaweza kuisha siku hiyohiyo afu kesho yakarudi yote, watu wanadhani imefeli, hapana, ni ganzi imeisha na steroidi bado haijaanza kazi, ipe siku kadhaa mpaka kama wiki mbili ndo uhukumu. Kwa siku ya kwanza oga maji ya kumiminika, usijilowanishe kwenye beseni wala bwawa.

Maumivu ya kichwa yana aina moja ya kuiangalia: yanakuja ukikaa au ukisimama na yanapungua ukilala. Hiyo inamaanisha utando ulitobolewa na maji yanavuja. Mara nyingi yanapona kwa kupumzika na kunywa maji na dawa za maumivu, yakigoma hospitali wanaweza kuziba kwa damu yako mwenyewe. Wapigie, usivumilie kimyakimya.

Za kukimbia nazo ni hizi na mweleze na unayekaa naye:

- Miguu inazidi kukosa nguvu au ganzi inazidi kupanda badala ya kuisha
- Mkojo au choo kugoma, au kutoka bila wewe kujua, au ganzi sehemu za siri
- Maumivu mapya makali ya mgongo yanayoongezeka saa hadi saa
- Homa, baridi, shingo kukakamaa, mwanga kuumiza macho
- Kuona giza, uso kupinda, maneno kuchanganyika
- Kidonda cha sindano kutoa usaha au kuvimba chekundu

Muda nao unasema kitu. Tatizo la mshipa wa damu kuzibwa linaonekana palepale au dakika chache baadae. Damu iliyovuja ndani huja kwa masaa mpaka siku moja mbili, na ikikandamiza neva inahitaji kuondolewa upesi, kila saa inayopita inapunguza uwezekano wa miguu kurudi. Jipu la ndani linachukua siku mpaka wiki. Na wale wa fangasi wa 2012 wengine walianza kuumwa wiki nyingi baada ya sindano, kwa hiyo kichwa na homa vikija mwezi mmoja baadae bado mwambie daktari kwamba ulichomwa mgongoni, yeye hawezi kujua.

Ukifika dharura sema sentensi moja: "Nilichomwa sindano ya epidurali tarehe fulani na sasa miguu inakosa nguvu." Hiyo inafungua milango haraka kuliko "mgongo unauma", mana wenye mgongo unaouma wamejaa kwenye benchi.

Kuhusu kurudia

Ipo tabia ya kupangiwa sindano tatu mfululizo hata kabla ya kuona ya kwanza imefanya nini. Haina ushahidi. Moja inachomwa, mnasubiri, mnaangalia. Haikusaidia chochote, basi kurudia ileile mahali palepale ni kuongeza hatari bila sababu, labda kama daktari ana maelezo ya kwa nini abadilishe njia au sehemu. Imekusaidia miezi kadhaa, inaweza kurudiwa, na wengi wanaweka kikomo cha 3 au 4 kwa mwaka. Ila hesabu iwe ya steroidi zote, kwa sababu watu wanachomwa goti huku, bega kule, mgongo kwingine, na kila daktari anadhani yake ndo pekee. Zikizidi tezi za juu ya figo zinaacha kutengeneza homoni yake ya asili, mtu anachoka ajabu, kizunguzungu, kichefuchefu, presha inashuka, na akiumwa sana au akifanyiwa upasuaji katika hali hiyo ni hatari. Mifupa nayo inapungua.

Kwa hiyo kabla ya kutoka hospitali omba kikaratasi, au piga picha kichupa kwa simu yako, na uandike: tarehe, jina la dawa na dozi yake, pingili namba ngapi, upande gani, njia ipi, kontrasti ilitumika au la. Chini yake kila siku jaza namba mbili, maumivu ya mguu na maumivu ya mgongo kutoka 0 mpaka 10, tofauti tofauti usizichanganye, pamoja na umbali uliotembea na vidonge ulivyokunywa. Wiki ya pili na ya sita mpelekee daktari huo ukurasa, na akipendekeza nyingine mwambie aanze kwa kuusoma.